Kimya cha Mwari

Mtafsiri atakayeishika The Pelican Brief, riwaya ya John Grisham ya mwaka 1992, atakwama kwenye jalada kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Neno la mwisho la jina hilo lina dawa: ni hati ya hoja, zile karatasi ambazo mwanasheria huziandika kueleza kesi ilivyo na sheria inavyosema. Tabu iko kwa ndege. Kwa Kiswahili yeye ni mwari, ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo. Na mwari, ambaye wengine humtamka mwali, ni pia msichana aliyevunja ungo akawekwa ndani, afundwe na kungwi mpaka siku ya kutolewa nje. Andika “Hati ya Mwari” juu ya kitabu, na nusu ya wasomaji watakinunua wakitarajia mambo ya unyago.

Watakuwa wamepotea kwa hatua chache tu. Riwaya hii ina ndege na ina msichana. Ndege hawezi kusema. Msichana akisema, watu wanakufa. Kiswahili kimewapa jina moja bila kukusudia, na jina hilo ndilo linalofanya kitabu hiki kisomeke kwa namna nyingine ukiwa Singida, mji uliokaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, ambako mwari wa mabawa hatafutwi kwenye kamusi. Swali linalobaki ukishakifunga ni la kifasihi na la kisheria kwa pamoja: asiyeweza kusema huingiaje mahakamani? Wamarekani wamelijibu, Wayunani wa kale walilijibu, na ngano zetu zina jibu lake. Majibu hayafanani.

Kisa cha Grisham ni hiki. Majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya Marekani wanauawa usiku mmoja. Rosenberg ni mzee mwenye msimamo wa kuwatetea wanyonge, anayechukiwa na nusu ya nchi. Jensen ni mhafidhina asiyetabirika. Wapelelezi wanamtafuta mtu mwenye chuki na wote wawili, wasimpate. Darby Shaw, mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans, anaingia maktaba. Hatafuti alama za vidole. Anatafuta kesi iliyo njiani kuelekea Mahakama ya Juu, ambayo majaji hao, pamoja na tofauti zao zote, wangeiamua upande mmoja. Anaipata. Tajiri wa mafuta, Victor Mattiece, anataka kuchimba katika vinamasi vya kusini mwa Louisiana, na watetezi wa mazingira wamemwekea pingamizi kwa sababu vinamasi hivyo ni makazi ya mwari wa kahawia, ndege anayelindwa na sheria. Darby anaandika hati yake. Hati inapita kwa profesa wake, Thomas Callahan, ambaye pia ni mpenzi wake, inafika Washington, na Callahan analipuliwa ndani ya gari. Tangu hapo msichana ni wa kukimbia: nywele mpya, hoteli mpya, jina jipya.

Sasa mtafute ndege katika mpangilio huo. Hayupo. Msomaji anayesubiri kumwona mwari akishuka majini atamaliza kitabu macho makavu. Mwari ni jina la faili, na ni ndoano. Kinamasi, yaani maji, matete na tope, ni vigumu kukitetea mbele ya jaji. Ndege aliyeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka ana sheria yake. Basi mawakili wanamshika ndege ili wakishike kinamasi. Wala kesi haimaliziki mahakamani. Ukweli unatokea kwa mwandishi wa habari, Gray Grantham, kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti. Hii ni riwaya ya taharuki ya kisheria ambamo majaji wanauawa, mawakili wanahofu, na hukumu inatolewa na wahariri.

Grisham hakuokota ndege huyu njiani. Louisiana hujiita Jimbo la Mwari, na bendera yake inamwonyesha mama akijitoboa kifua kwa mdomo ili damu yake iwalishe makinda. Picha hiyo ilitoka katika Ukristo wa Ulaya wa zama za kati, ambako mwari alifananishwa na Kristo. Mtu wa huko akimtaja ndege huyu ametaja kanisa na serikali kwa pamoja. Lakini chini ya bendera hiyo kuna aibu. Dawa za kuua wadudu wa mashambani zilitiririka na mito hadi Ghuba ya Mexico, zikaua samaki na kuyafanya maganda ya mayai ya ndege kuwa membamba. Kufikia mwaka 1963 mwari wa kahawia alikuwa haonekani tena akitaga Louisiana. Jimbo lilimtangaza rasmi kuwa ndege wake mwaka 1966, yaani lilimvisha taji akiwa hayupo. Mwaka 1968 wakaanza kuleta makinda kutoka Florida. Mwaka 1970 aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2009 akaondolewa kwa kuwa amepona. Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ukalipuka baharini, na picha za mwari waliolowa mafuta mpaka wakashindwa kukunjua mabawa zikazunguka dunia. Riwaya ilikuwa na umri wa miaka 18. Mafuta ambayo Darby aliyazuia kwenye karatasi yalimfikia ndege kwa njia nyingine.

Hilo ndilo jibu la Marekani: asiyesema huingia mahakamani kama sababu. Watu hushtaki kwa ajili yake.

Wayunani wa kale walimpa ndege kazi tofauti. Mshairi Ibycus, wa karne ya 6 kabla ya Kristo, inasimuliwa kwamba alivamiwa na majambazi karibu na Korintho. Alipokuwa anakata roho, pasipo mtu wa kumsikia, aliwaona korongo wakipita angani akawaomba wawe mashahidi. Siku zikapita. Watu wa Korintho wakiwa wamekusanyika kwenye ukumbi wa maigizo usio na paa, korongo wakapita juu yao, na mmoja wa wauaji akamropokea mwenzake kwamba wale pale ndio walipiza kisasi wa Ibycus. Waliokaa jirani walisikia, na wauaji wakatiwa mbaroni. Mjerumani Friedrich Schiller alikigeuza kisa hicho kuwa shairi mashuhuri mwaka 1797.

Hapa ndege ni shahidi, ila shahidi asiyekula kiapo wala kuhojiwa. Korongo walikuwa wanakwenda zao. Aliyesema ni mwenye hatia, na kilichomsemesha ni hofu. Kiswahili kinaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa maana kwetu neno ndege lenyewe ni ishara: mtu huanza safari kwa ndege njema, au hughairi kwa sababu amekutana na ndege mbaya. Lakini haki ya namna hii ina sharti gumu. Inamtaka mwovu awe na dhamiri, na iwe dhamiri ya kuropoka. Mattiece wa Grisham angewaona korongo mia wakipita juu ya kisima chake, na angeuliza nyama yao ina ladha gani.

Turudi nyumbani. Katika ngano za Zanzibar ambazo George W. Bateman alizichapisha Chicago mwaka 1901, imo ngano ya Mwalimu Goso, na kwangu hiyo ndiyo hadithi yetu kongwe ya kesi ya mauaji. Goso anafundisha watoto chini ya mbuyu. Siku moja Paa anapanda kimyakimya kuiba matunda, buyu linaanguka, linampiga mwalimu kichwani na kumwua. Wanafunzi wanamzika, kisha wanafungua upelelezi. Aliyeangusha buyu ni nani? Ni upepo wa kusi. Kusi anakamatwa na kuchapwa, naye anajitetea: mimi ningekuwa na nguvu hizo, ningezuiwa na ukuta wa udongo? Wanaukamata ukuta. Ukuta unasema ungekuwa na nguvu usingetobolewa na panya. Panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba inayomfunga, kamba kisu kinachoikata, kisu moto, moto maji, na msururu unaendelea mpaka unamfikia Paa. Paa anaulizwa. Wote waliomtangulia walikuwa na la kusema. Paa, kwa mshtuko wa kukamatwa, anabaki bubu. Wanafunzi wanasema huyu hana la kujibu, na wanamwua.

Msikilizaji hufurahi kwa sababu Paa kweli ndiye aliyefanya. Lakini tazama njia iliyowafikisha kwake. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa juu ya mti. Kila mshtakiwa alijinasua kwa kuonyesha kuna aliye na nguvu zaidi yake. Baraza lile lilipima ulimi: mwenye maneno alitoka na mikwaju, asiye na maneno alitoka na kifo. Safari hii haki ilifika mlangoni kwa bahati. Siku buyu litakapoangushwa na upepo kweli, Paa akawa amelala tu chini ya mti, atakufa vilevile, kwa sababu kimya chake kitakuwa kilekile.

Sasa mlete mwari wa pili, yule wa ndani ya nyumba. Katika ndoa ya Kiislamu, kama ifungwavyo pwani na hata huku bara, walii ndiye anayesema mbele ya wanaume kwa niaba ya binti. Binti huulizwa kando, na fikihi imekubali kwamba bikira akiona haya akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Kwa hiyo tuna kimya kinachohesabiwa hatia, kama cha Paa, na kimya kinachohesabiwa kukubali, kama cha mwari. Ndege wa ziwani hubeba vyote viwili. Akila samaki wa mvuvi anahukumiwa kama Paa. Ziwa lake likijazwa taka, na asitokee wa kupinga, anahesabiwa kama mwari: ameulizwa, amenyamaza, basi ameridhia.

Ungetegemea riwaya zetu za upelelezi zilichukue jambo hili, maana Kiswahili hakina uhaba wa riwaya hizo. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960; Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965; Elvis Musiba akamwachia Willy Gamba bastola katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Bwana Msa hufumbua fumbo kwa kiko na mazungumzo sebuleni. Willy Gamba hulimaliza kwa risasi. Mahakama, ikionekana, huwa nje ya jukwaa, mahali ambapo mhalifu hupelekwa hadithi ikishaisha. Sababu si uvivu wa waandishi. Msomaji wao alijua mahakama kama jengo la watu wengine, lenye lugha ya watu wengine. Ukweli aliuzoea barazani, na adhabu aliizoea mikononi mwa wenye nguvu. Grisham aliandikia watu wanaoamini kwamba karatasi iliyoandikwa vizuri yaweza kumtisha tajiri. Imani hiyo ndiyo injini ya kitabu chake, na bila hiyo hakuna sababu ya mtu kuuawa kwa ajili ya hati.

Je, sisi tunayo imani hiyo? Mahakama zenyewe zimekwenda mbele kuliko riwaya zetu. Huko Hawaii, ndege mdogo aitwaye palila, anayeishi kwenye miti ya mlima Mauna Kea, aliandikwa kama mlalamikaji kwa jina lake katika kesi dhidi ya idara ya jimbo iliyoacha mbuzi na kondoo wa porini wamalize miti hiyo. Mwaka 1979 mahakama ilimpa ushindi, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikauthibitisha. Afrika Mashariki hatujamwandika ndege kwenye hati ya madai, lakini tumefika jirani. Mwaka 2010 shirika la kutetea wanyama la Nairobi, ANAW, liliishtaki serikali ya Tanzania katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga mpango wa barabara kuu ya kupita kaskazini mwa Serengeti. Nyumbu hawakufika kizimbani. Mkataba wa Jumuiya unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri, na hilo lilitosha. Juni 20, 2014 mahakama iliona kwamba mpango ule wa awali ungekiuka Mkataba.

Kabla ya hapo kulikuwa na Rufiji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo Louisiana yetu: delta, mikoko, kamba, na sululu wanaokuja kutoka nchi za baridi kukimbia majira ya theluji. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa kufuga kamba kwenye eneo la hekta zipatazo 10,000 za delta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeshauri ukataliwe. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakiwa na wanasheria wa LEAT, chama cha mawakili wa mazingira kilichoanzishwa mwaka 1994. Shamba lile halikujengwa. Hakuna aliyetaja mwari. Wakazi walitaja mikoko na nyavu zao. Hiyo ni tofauti kubwa na riwaya. Kwa Grisham, ndege anawakilisha kinamasi kisichokuwa na watu. Rufiji watu walikuwemo, na waliposema walimsemea ndege bila kumtaja.

Singida inaingia hapa kwa mlango wa mawakili na kwa mlango wa ndege. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi, alikuwa wakili wa mazingira katika LEAT kabla ya kuwa mbunge wa Singida Mashariki mwaka 2010. Septemba 7, 2017 alipigwa risasi nyingi Dodoma na wale ambao Watanzania tumezoea kuwaita watu wasiojulikana, akanusurika. Sisemi risasi zile zilihusu ndege au ziwa. Nasema tu kwamba msomaji wa Singida akifika pale Callahan anapowasha gari, hafungui macho kwa mshangao kama msomaji wa Boston. Taharuki kwake si kionjo cha hadithi.

Mlango wa pili ni wa heroe. Hao wekundu wanaopamba kingo za Singidani hawakuzaliwa Singida. Heroe mdogo wa Afrika Mashariki huanguliwa karibu wote kwenye Ziwa Natron, na inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima wametokea humo. Mwaka 2006 ulitangazwa mpango wa kampuni ya Tata Chemicals ya India na Shirika la Maendeleo la Taifa kujenga kiwanda cha magadi kwenye ziwa hilo, cha tani 500,000 kwa mwaka. Wanasayansi na watetezi wa ndege walipiga kelele, tathmini ya mazingira ikapingwa hadharani, na mwaka 2008 Tata ikajitoa. Mahakama haikuhusika. Kama kwa Grisham, kelele za watu ndizo zilizotoa hukumu. Tofauti ni kwamba hakukuwa na Darby mmoja wa kupewa sifa.

Sheria, kwa upande wake, imefanya jambo ambalo ngano ya Goso haikulifanya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri pale mazingira yanapotishiwa. Kifungu cha 57 kinazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za binadamu za kudumu au zenye kuweza kuliharibu. Soma vifungu hivyo ukiwa umesimama Kindai, ukihesabu hatua kutoka majini mpaka tuta la kwanza la mboga, na utajua kwamba Singida haihitaji tajiri wa mafuta ili iwe na kesi. Sheria imemteua kila jirani kuwa walii wa mwari. Imeondoa udhuru wa kimya, kwani anayenyamaza sasa ni yule mwenye ulimi.

Ndiyo maana Darby Shaw anaonekana mpweke mno ukimtazama kutoka huku. Ni mwari aliyefichwa bila kungwi. Mwari wa unyago huwekwa ndani na jamii yake ili atoke akiwa mtu mzima, na siku ya kutoka kuna ngoma. Darby anajificha ili asiuawe, na kitabu kinaisha akiwa kisiwani Karibi, bado mafichoni, bila ngoma. Ameshinda kesi, amepoteza ukumbi wa kuisimulia.

Hata ndege wenyewe wametofautiana. Mwari wa kahawia wa Louisiana huvua kwa kujitupa: hupaa juu, hukunja mabawa, hutumbukia baharini kama jiwe, na samaki anayempata ni wake. Mwari mweupe wa maziwa yetu hapigi mbizi. Huelea pamoja na wenzake, wanajipanga nusu duara, wanapigapiga maji kwa mabawa na kuwasukuma perege kuelekea maji mafupi, kisha midomo yote inazama kwa mara moja na kuinuka kwa mara moja. Anayewatazama kutoka ufukweni hawezi kusema ni yupi aliyeongoza. Riwaya ya kesi itakayoandikwa Singida huenda ikahitaji kujifunza hapo: wavuvi, wakulima wa kandokando, na mwanasheria mmoja kijana, wamejipanga kama nusu duara, na hakuna anayelazimika kukimbilia kisiwani baada ya hukumu.